Linki Arobaini na Saba

Walituletea mtandao kwenye karatasi. Sifanyi utani. Ilikuwa mwezi wa pili, kwenye ukumbi wa kukodi pale Maganzo, walimu wa shule sita tumekaa kwenye viti vya plastiki, na kila mmoja akakabidhiwa karatasi nne zilizopigwa pini. Juu kabisa iliandikwa kwa herufi nene: Rasilimali Muhimu za Mtandaoni kwa Walimu na Waandaaji wa Mafunzo. Chini yake linki arobaini na saba, rangi ya bluu, zimepigiwa mstari. Mwalimu Marwa wa jiografia, aliyekaa kando yangu, aliweka kidole juu ya ile ya kwanza akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena.

"Haifunguki," akasema.

Meza yetu yote ilicheka. Mimi nilishindwa, maana hasira zilikuwa zimeshaanza kunipanda.

Naitwa Paskazia, nafundisha kemia. Shule yetu iko ndani. Ukiacha barabara ya lami pale Maganzo unakula vumbi kilomita kumi na kitu, na ukifika utaona jengo zuri limeandikwa MAABARA. Ingia ndani ujionee. Hakuna bomba, hakuna gesi, hakuna kemikali. Kuna madawati yaliyovunjika miguu na magunia ya mahindi ya uji wa wanafunzi. Mtandao tunaupata sehemu moja tu, juu ya msingi wa simtanki la maji, na lazima usimame wima umenyoosha mkono. Ujumbe mfupi unapita. Picha moja inachukua kipindi kizima. Halafu mtu anafunga safari kutoka Dar es Salaam, na gari lenye kiyoyozi, kuja kunipa linki arobaini na saba.

Mtu mwenyewe aliitwa Klara. Alikuwa mratibu wa mradi, mama wa makamo, mpole, amesomea hasa mambo ya kuandaa mafunzo ya mtandaoni. Alitueleza kwamba kila linki ina somo dogo na jaribio mwishoni, kwamba kila mwalimu atafunguliwa akaunti kwenye mfumo wa mradi, na kwamba atakayemaliza zote atapata cheti chenye pointi za kupandia daraja. Hapo ukumbi ukaamka. Kuna watu pale walikuwa hawajapanda daraja tangu wazaliwe wanafunzi wanaowafundisha sasa hivi.

Mimi kilichoniamsha kilikuwa kingine. Klara alitoa kwenye begi kisanduku cheusi, ukubwa wa nusu mkate, akakiwasha kwa betri. "Hiki hakihitaji intaneti," akasema. "Kila kitu kimo humu ndani. Vitabu, mitihani iliyopita, video za majaribio ya sayansi. Kinarusha chenyewe, mnapokea kwenye vishikwambi vyenu, vile mlivyogawiwa sensa ilipoisha." Akachomeka projekta, na ukutani likatokea jaribio la titresheni. Bureti safi, ule mrija wa kioo wenye koki, asidi inadondoka tone kwa tone, na ile chupa ya chini yenye maji ya manjano ikageuka rangi ya machungwa mbele ya macho yangu. Lote halikufika dakika mbili.

Nilikuwa na watoto arobaini na watatu wa kidato cha nne. Miaka miwili nilikuwa nawaeleza titresheni kwa chaki. Nachora bureti ubaoni, naandika "manjano" na mshale, halafu "machungwa". Mwezi wa kumi na moja wangeingia kwenye chumba cha mtihani na kukutana na bureti kwa mara ya kwanza pamoja na msimamizi, na Mungu wao. Nilikiangalia kile kisanduku nikajua nakitaka, nikajua pia kwamba sijawahi kutaka kitu cha kazini namna ile tangu nianze kazi.

"Tunavyo vitano kwa mikoa miwili, Shinyanga na Geita," Klara akasema. "Mwezi wa sita tutaangalia takwimu za mfumo, ndipo tutaamua viende shule zipi."

Hakuna aliyeuliza takwimu zitaangaliwaje. Tuulize nini? Nchi hii tumesoma kwa kupangwa namba. Wa kwanza anapewa daftari na kalamu, wa mwisho anapewa fimbo. Tangu darasa la kwanza hatujawahi kuona zawadi ikienda kwa wa mwisho. Niliondoka pale Maganzo najua moja tu, kwamba inabidi tushike namba moja.

Wiki tatu baadaye kwenye kundi la WhatsApp la mradi likarushwa jedwali. Shule zimepangwa kwa asilimia za linki zilizokamilishwa. Zinazofanya vizuri kijani, za kati njano. Sisi tulikuwa chini kabisa, sifuri, tumepakwa rangi nyekundu. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Mayala, aliipata ile picha siku moja baadaye akiwa ameenda mnadani, na aliporudi alituita wote kumi na saba.

"Mwanielewa?" akasema. Mkuu Mayala ni Msukuma mkubwa wa mwili asiyependa kupandisha sauti. "Mimi sitaki rangi nyekundu. Kila mkuu wa shule wilaya nzima ananiona mimi ni mwekundu."

"Mkuu, mtandao hakuna," Marwa akasema.

"Hata kwenye kitabu cha mahudhurio kuna siku watu hawapo, na sahihi zipo. Sijawahi kuuliza zimetoka wapi."

Tulielewa. Kusainiana si jambo geni kwetu. Mwenzako amekwama kwenye mvua, amefiwa, amekwenda kufuata mshahara mjini, unamsainia, na kesho yeye anakusainia. Si wizi. Ndivyo watu wanavyoishi mahali ambapo basi linapita mara moja kwa siku. Na mfumo wa mradi tuliuona ni kitabu kingine cha mahudhurio, tofauti ni kwamba kilihitaji bando.

"Nani anakwenda Shinyanga?" Mkuu akauliza.

Nikanyoosha mkono. Hakunilazimisha mtu. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu walisema mengi.

Nilibeba vishikwambi kumi na saba kwenye begi la nguo, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye jina la mwenyewe na neno lake la siri. Nilikwenda dukani kwa Varsha, mtaa wa Kambarage. Varsha, Mama Pritesh kwa wateja wake, ana duka la vifaa vya ofisi, kutoa kopi, kuchapa barua, na intaneti yake haikatiki hata mvua ikinyesha. Miaka mitano alikuwa akinishushia vitabu na mitihani kwenye flashi, namlipa kidogo, na mara nyingine anakataa.

"Shikamoo Mama Pritesh."

"Marahaba, Mwalimu. Umehama?" akauliza akitazama begi. Nilipofungua na kupanga vile vishikwambi kwenye meza yake ya nyuma alisimama na mkasi mkononi. "Vyote vyako hivi?"

"Vya shule nzima. Mimi ndiye shule nzima."

Alinivutia feni na kuniletea chai ya maziwa. Nilikaa pale Jumamosi mbili na Jumapili moja, na Jumapili hiyo nilikosa misa. Kumi na saba mara arobaini na saba, piga hesabu mwenyewe. Mwanzo nilikuwa nafungua tu, nashusha mpaka chini, nabofya "Nimekamilisha". Lakini majaribio yalikuwa yanauliza maswali, na maswali yenyewe yalinitia kichaa. Moja lilisema: mwanafunzi wako anapokosa kompyuta ya mezani nyumbani, utamshauri atumie nini ili awasilishe kazi yake? Majibu: kompyuta mpakato ya mzazi, simu janja, au maktaba ya mtaa. Mtaa gani? Mageni, mwanafunzi wangu anayeongoza kemia, anatembea saa moja na nusu kuja shuleni na nyumbani kwao taa ni moja. Niliongea peke yangu mpaka wateja wa Varsha wakageuka.

Ningeweza kubahatisha tu. Mradi ulitaka ukamilishe, haukusema upate ngapi. Lakini nilishindwa kubofya jibu nililojua si sahihi. Kila kishikwambi nilichoshika nilikijibia vizuri. Mwalimu wa michezo, ambaye kishikwambi chake kilikuwa hakijawahi kuwashwa tangu sensa, nilimpatia tisini na sita. Marwa tisini na nne. Na niseme ukweli wote: baadhi ya zile linki zilikuwa nzuri. Kulikuwa na moja inaonyesha jinsi ya kupanga somo kuanzia mwisho, unajiuliza kwanza mtoto aweze kufanya nini, ndipo unarudi nyuma. Nilinakili kwenye daftari langu. Nyingine ilikuwa na maabara ya kuchezea, unachanganya kemikali kwa kidole. Hizo ndizo zilizoniudhi kuliko zile za kipuuzi. Vitu vizuri hivyo, vipo, vya bure, na mimi navifuata kwa nauli mpaka Kambarage kuvibofya kwa majina ya watu wengine.

Mwezi wa sita likarushwa jedwali la mwisho. Tulikuwa kijani, wa kwanza kwa mikoa yote miwili. Mkuu Mayala alinunua soda kreti mbili. Vyeti vilikuja kumi na saba, kila kimoja na jina, na Marwa alikipeleka chake kwa wakala kikawekwe plastiki, kisha akakitia kwenye faili lake la kupandia daraja. Alikuwa na miaka tisa kwenye daraja lilelile. Siku hiyo alinishika mkono akasema, "Madam, hili sitakusahau."

Mimi nilikuwa nasubiri kisanduku. Niliwatoa wanafunzi wangu wahamishe yale magunia ya mahindi, tukafagia maabara, tukapanga madawati mazima mbele. Niliwaambia kabisa. "Kuna kitu kinakuja," nikawaambia, "na mtaona titresheni kwa macho yenu." Nililisema mbele ya watoto arobaini na watatu.

Wiki ya pili ya mwezi wa saba orodha ikatoka. Shule tano. Niliisoma mara tatu nikiwa juu ya msingi wa simtanki, mkono juu. Sisi hatukuwemo. Kisanduku kimoja kilikuwa kimeenda shule moja kule Geita, upande wa machimbo. Naijua ile shule. Niliwahi kusimamia mtihani pale. Ukikaa ofisi ya walimu unaona minara miwili ya simu dirishani.

Kesho yake nilikwenda Mhunze, makao ya wilaya yetu. Ofisi ya mradi ya huku ilikuwa chumba kimoja cha kupanga juu ya duka la pembejeo, na Klara alinipokea kwa furaha kabisa. Alisimama, akanishika mikono miwili.

"Mwalimu Paskazia. Shule yenu ndiyo mfano wetu."

"Kisanduku chetu kiko wapi?"

Aliniangalia bila kuelewa. Akageuza kompyuta yake nione. "Visanduku ni kwa shule ambazo mtandao haujazifikia. Tulichukua tano za chini kabisa. Nyie mmefungua linki zote, walimu wote, wastani wa tisini na moja. Mna mtandao mzuri kuliko hata mimi hapa."

"Ulisema mtaangalia takwimu."

"Ndizo tulizoangalia."

Nilikaa bila kukaribishwa. Nilimuuliza kuhusu ile shule ya Geita, akanieleza kwamba walimu wake hawakufungua hata linki moja. Ndiyo. Hawakufungua kwa sababu walikuwa hawana habari nazo, wengi wao wana vibanda vya chipsi na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Walidharau, basi wakapewa.

"Dada Klara," nikasema, "hebu nikuulize. Huo mfumo wako hauonyeshi mtu amefungulia wapi?"

"Unaonyesha." Akabofya. "Walimu kumi na saba, siku tatu, Kambarage, Shinyanga mjini. Niliona. Nilidhani mmejikusanya mkafanya warsha. Nimeiweka hata kwenye ripoti, ukurasa wa pili. Walimu wamejitolea siku zao za mapumziko kujifunza kwa pamoja."

Hapo ndipo niliposema. Nilimwambia ile warsha ilikuwa na mtu mmoja, na aliyejitolea ni mimi, na kilichotolewa ni chai ya Varsha. Nilimwambia juu ya begi la nguo na vikaratasi vya maneno ya siri. Nilisema kwa hasira, si kwa majuto, maana yeye alikuwa na haki ya kunilaumu lakini na mimi nilikuwa na langu. "Umekuja shuleni kwetu hata mara moja?" nikamuuliza. "Ungekuja ungeona mtandao wetu unapatikana kwa kupanda simtanki. Ungemaliza utafiti wako wote kwa dakika tano. Badala yake umekaa hapa unasoma asilimia."

Klara akainuka akafunga mlango.

"Ripoti imeshaenda kwa wafadhili," akasema kwa sauti ya chini. "Nikifuta matokeo yenu nitaulizwa na ya wengine. Unafikiri nyie peke yenu mlisainiana?"

"Kwa hiyo unajua."

"Nahisi. Kujua ni kitu kingine. Mwalimu, niletee barua ya shule yenye muhuri, inayoomba matokeo yafutwe. Bila hiyo sina cha kushika." Alijua vizuri kabisa kwamba muhuri huo sitaupata.

Na kweli. Mkuu Mayala aliisoma barua niliyoandika, akaikunja, akanirudishia. "Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, kwa upole wake uleule unaoniudhi, "unataka nigonge muhuri nijifunge mwenyewe?"

"Nataka kidato cha nne waone titresheni, Mkuu."

"Waliotangulia hawakuona. Wengine wamepasi."

"Wangapi?"

Niliipeleka hoja kwenye ofisi ya walimu wakati wa chai, na sijawahi kuona watu wakiacha vikombe haraka namna ile. Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja ameshaombea mkopo akitegemea daraja jipya. Mwingine amemwambia mume wake. Marwa ndiye aliyesimama.

"Miaka tisa, Paskazia," akasema. Hakuniita Madam. "Miaka tisa. Wewe ndiye uliyenyoosha mkono. Wewe ndiye uliyenipa tisini na nne, mimi sikukuomba. Sasa unataka kuninyang'anya kwa ajili ya video?"

"Si video. Ni mtihani wa watoto."

"Wangu wana ramani ya dunia moja, imekatika kwenye Afrika. Nimewahi kukuchomea nyumba kwa ajili hiyo?"

Alikuwa na haki, na hilo lilinizidishia hasira. Ningependa sana awe amekosea.

Nilikaa nalo siku nne. Siku ya tano Mageni alinifuata baada ya kipindi, akasimama mlangoni mikono nyuma. Aliuliza kama kile kitu bado kinakuja, au wayarudishe magunia, kwa sababu nje panya wameanza kuyatoboa. Aliuliza kwa adabu tu, bila lawama yoyote. Nikamwambia magunia yakae nje kwanza.

Jioni hiyo niliandika barua nyingine, ya kwangu binafsi, isiyohitaji muhuri wa mtu. Niliandika kwamba mimi, Paskazia, nilifungua akaunti kumi na saba kwa mkono wangu na kujibu majaribio yote, na kwamba shule yetu haina mtandao na haijawahi kuwa nao. Niliiandika kwa Klara. Lakini chini, pale mahali ambapo watu wengi hawaoni umuhimu wake, niliandika neno Nakala, na nukta mbili. Nakala kwa wafadhili wa mradi, Dar es Salaam. Nakala kwa wilaya. Nakala kwa mkoa. Nakala kwa mkuu wa shule. Anayejua ofisi za nchi hii anajua kwamba barua yenyewe mtu anaweza kuikalia mwaka mzima, ila nakala inamtoa jasho, kwa sababu hajui mwenzake ameshaisoma au la. Varsha ndiye aliyeichapa na kuitoa kopi. Alipoimaliza aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia achape tu. Hakuchukua hela.

Ilifanya kazi yake. Ndani ya wiki tatu matokeo yetu yalifutwa na vyeti kumi na saba vikabatilishwa na kuchomolewa kwenye mafaili. Mkuu Mayala aliitwa wilayani akarudi bila kusema na mimi, mpaka leo ananipa maagizo kupitia kwa makamu wake. Mimi nilipewa barua ya onyo, na baadaye nikasikia jina langu liko kwenye uhamisho wa Januari. Marwa alilitoa faili lake akakuta ile nafasi ya cheti tupu. Asubuhi nilikuwa nikiingia ofisini naona migongo.

Na kisanduku kilikuja. Dereva wa mradi alikileta Alhamisi moja mwezi wa tisa, akanisainisha, akaondoka bila hata kunywa maji. Sijui kilitolewa shule gani. Sikuuliza, na sitaki mtu aniambie.

Nilikiwasha kwenye betri ya sola, maabara, watoto arobaini na watatu wamejaa. Kikawaka taa ya kijani. Ndipo nilipokumbuka kitu ambacho mjinga yeyote angekumbuka mapema: kisanduku hakina uso. Kinarusha, lakini kinarusha kwenye vishikwambi, na projekta ya mradi ilirudi Dar na mradi wenyewe. Wanafunzi hawaruhusiwi simu. Nilikuwa na kishikwambi kimoja, changu.

Nilikwenda ofisi ya walimu. Walikuwepo tisa. Nikasimama mlangoni nikasema, naomba vishikwambi, kipindi kimoja tu, nitavirudisha. Nilisema kawaida, bila kubembeleza. Hakuna aliyeinua kichwa. Mwalimu wa michezo alikuwa na chake mezani, juu yake amewekea kikombe cha chai. Nilisubiri kwa muda ambao mtu mwenye akili zake asingesubiri, halafu nikarudi maabara.

Basi tukafanya hivyohivyo. Nilikiegemeza kishikwambi changu kwenye tofali juu ya meza, nikawaita kumi kumi. Walio nyuma walipanda madawati. Kulikuwa na kusukumana, na mimi nilifoka hovyo, niliwafokea watoto ambao hawakunikosea chochote. Kundi la kwanza lilikuwa halijatulia nilipoona mlango umetiwa kivuli.

Alikuwa Marwa. Aliingia bila hodi, akapita katikati ya wanafunzi, akaweka kishikwambi chake mezani kando ya changu.

"Saa nane nakitaka," akasema.

"Utakipata."

"Sijakusamehe."

"Sijakuomba."

Akatoka. Nilikiwasha kwa hasira, maana angekuwa amebaki na ubaya wake ningejua la kufanya naye. Mageni alikishika kile cha pili akakipeleka nyuma kwa wale wa kwenye madawati, na video ikaanza kwenye vyote viwili, kimoja kikichelewa kidogo.

Bureti. Asidi, tone, tone, tone. Chupa ya chini njano, bado njano, bado njano. Kisha tone moja, na ikageuka.

Mageni akageuka kunitazama. "Madam," akasema, "kumbe inageuka mara moja. Sisi tulidhani inakuja polepole, kama jioni."

Miaka miwili. Nilikuwa nimechora ule mshale ubaoni miaka miwili, mrefu, kutoka manjano mpaka machungwa, na wao wakadhani urefu wa mshale ndio urefu wa jambo lenyewe. Kila mmoja wao angeingia kwenye mtihani akiacha asidi imwagike, akisubiri rangi ije taratibu.

"Tunaomba urudie," mtu akasema nyuma.

Nikarudia. Wakaomba tena, nikarudia tena. Mara ya tano walikuwa wanahesabu matone kwa sauti, arobaini na watatu kwa pamoja, mpaka madarasa ya jirani yakasikia. Lote halikufika dakika mbili. Nilisimama pale kando ya tofali nikitazama jinsi lilivyokuwa jambo dogo, na kila walipoomba nirudie nilibofya, na kila nilipobofya hasira zangu zilizidi.